Deni Letu kwa Mwalimu wa Kijiji

Msafiri atokaye Karatu na kupanda kwenda Ngorongoro, akiisha kupita lango la Lodoare na kufika ukingoni mwa kreta, huona kando ya njia mnara mdogo wa mawe. Hapo amezikwa Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani aliyefariki tarehe 10 Januari 1959, ndege yake ilipoanguka katika kazi ya kuwahesabu wanyama wa Serengeti. Baba yake, Bernhard Grzimek, aliyeishi hata mwaka 1987, aliletwa majivu yake azikwe papo hapo kando ya mwanawe. Wageni hushuka garini, husoma maneno yaliyoandikwa, hupiga picha, kisha huendelea na safari yao. Sisi hatuna neno la kuulaumu mnara huo. Mtu aliyeipenda nchi hii hata akafia humo astahili kukumbukwa.

Walakini kila tupitapo mahali pale swali moja hutujia. Katika vijiji vya pande zile zile, tangu Rhotia hata Oldeani, tangu Mang'ola hata Endulen, wamekuwapo watu waliokaa miaka thelathini na zaidi mbele ya ubao mweusi, wakiwafundisha watoto kusoma, kuandika na kuhesabu. Wengi wao wamekwisha kufa, nao wamelazwa katika mashamba yao au katika makaburi ya kijiji. Hakuna gari lisimamalo kwao. Je, tumewadhulumu? Na kama tunalo deni kwao, deni hilo ni la namna gani, nalo hulipwa kwa kitu gani? Hayo ndiyo tunayotaka kuyapima pamoja na wasomaji wetu juma hili.

Kwanza tukumbuke jambo ambalo watu wa Karatu hawawezi kulisahau. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 6 Mei 2017, basi dogo lililowachukua watoto wa shule moja ya msingi ya mjini Arusha lilitumbukia korongoni huko Rhotia. Watoto hao walikuwa wa darasa la saba, nao walikuwa wakienda Karatu kufanya mtihani wa kujipima pamoja na wenzao wa shule nyingine. Walifariki wanafunzi 32, walimu wawili na dereva wao. Wanafunzi watatu ndio waliookoka. Siku ya Jumatatu majeneza yalipangwa katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na nchi nzima ililia.

Nchi ililia hasa kwa ajili ya watoto, na ndivyo ilivyopasa. Mzazi hazoei kumzika mwanawe. Lakini twaomba msomaji atazame kidogo katika hesabu ile, awaone walimu wawili. Sisi hatukuwajua, wala hatutawasifu kwa sifa za kubuni. Twajua jambo moja tu: siku ya Jumamosi, wakati watu wengi wa mishahara walipokuwa wangali wamelala au wakishughulika na mambo ya nyumbani kwao, wao walikuwa njiani pamoja na watoto wa watu. Hakuna awezaye kulifundisha neno "mwalimu" kwa mfano ulio wazi kuliko huo. Mwalimu ni mtu aliyekubali kuwa safarini na watoto wasio wake, na likiwapata jambo, yeye yumo.

Basi tuje kwenye swali la deni. Atatokea mtu na kusema: "Mwalimu alilipwa mshahara wake. Alifundisha, akalipwa, akastaafu, akapewa kiinua mgongo. Deni gani limebaki?" Maneno haya yana sura ya haki, nasi hatutayadharau, kwa kuwa ni kweli kwamba kazi ya mshahara huishia kwenye mshahara. Fundi akiisha kuezeka nyumba na kupokea fedha zake, mwenye nyumba hana haja ya kumbeba moyoni miaka hamsini. Kwa nini mwalimu awe mbali na fundi?

Jibu letu ni hili. Mshahara hulipa saa za mtu. Haulipi kila kitu anachokitoa katika saa hizo. Serikali ilimlipa mwalimu ili afike shuleni saa moja na nusu, ajaze daftari la mahudhurio, aandike andalio la somo na kusahihisha madaftari. Haikumlipa ili atambue kwamba mtoto wa nyuma, anayesinzia kila siku, hakula tangu jana. Haikumlipa ili amfuate mzazi kilabuni jioni na kumsihi asimwachishe binti yake shule. Hakuna fungu la fedha katika hazina kwa ajili ya ule utulivu wa kulirudia neno lile lile mara ya ishirini bila kumfanya mtoto ajione mjinga. Mambo hayo mwalimu aliyatoa bure, naye angaliweza kutoyatoa, na hakuna mkaguzi angaliyaona. Hapo ndipo deni linapoanzia: pale mshahara unapokoma.

Tena kuna tofauti ya pili. Nyumba aliyoiezeka fundi huchakaa, na mwenye nyumba aweza kuiuza. Lakini mtu akiisha kujua kusoma, hawezi tena kurudi kuwa asiyejua. Kile alichopewa kimekuwa sehemu ya nafsi yake. Kila barua anayoifungua, kila dawa anayoisoma kipimo chake, kila mkataba anaokataa kuutia sahihi kwa sababu ameona hila iliyomo, ni mkono wa mwalimu wake unaofanya kazi bado. Kitu kama hicho hakirudishwi. Huwezi kumwendea mwalimu na kumwambia, "Shika, nimekurudishia kusoma kwako." Ndiyo maana twasema kwamba deni hili lina ajabu yake: halilipwi kwa kurudisha nyuma, hulipwa kwa kupeleka mbele.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote tunao katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 1934 kijana mmoja wa Butiama, umri wake wapata miaka kumi na miwili, alianza shule huko Mwisenge, Musoma, naye alifundishwa na mwalimu aitwaye James Irenge. Kijana huyo ndiye Julius Nyerere. Baadaye naye alifundisha Tabora, kisha Pugu, hata mwaka 1955 alipoiacha kazi ya ualimu kwa ajili ya siasa. Aliongoza nchi hata mwaka 1985, akafariki tarehe 14 Oktoba 1999. Na katika majina yote ya heshima ambayo mkuu wa nchi aweza kuitwa, watu walimwita kwa jina moja tu, Mwalimu. Irenge alimfundisha mtoto mmoja kati ya wengi, pasipo kujua nani atakuwa nani. Aliyefundishwa hakuweza kumrudishia. Alichoweza ni kuwa mwalimu wa wengine.

Hata hapa hatuna budi kuwa waangalifu, maana mfano huo wa Mwisenge waweza kutupoteza. Desturi yetu ni kumsifu mwalimu kwa wanafunzi wake waliofaulu. Kwenye mazishi husimama daktari akasema, "Ni yeye aliyenifundisha". Husimama meja, husimama mhandisi, na watu hutikisa vichwa kwa kuridhika. Ni vema. Lakini je, mwalimu ni hao tu? Katika miaka yake yote, watoto wangapi walikaa mbele yake ambao hawakwenda kokote? Zamani mtoto alichujwa darasa la nne, kisha la nane. Baadaye mchujo mkubwa ukawa darasa la saba. Kwa miaka mingi walioitwa kwenda sekondari walikuwa wachache mno, na siku majina yao yaliposomwa, wengine wote walichukua majembe au fimbo za kuchungia wakarudi makwao kimya.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilisema jambo hili bila kuficha: haifai shule ya msingi iwe matayarisho ya sekondari tu, kwa kuwa walio wengi hawatafika huko; elimu ya msingi yapaswa iwe imekamilika yenyewe, imfae mtoto katika maisha atakayoyaishi. Leo nafasi za sekondari zimeongezeka sana kwa shule za kata, walakini hukumu ile ingali na nguvu yake. Kwa hiyo twathubutu kusema kwamba mtu akitaka kumjua mwalimu, asimwulize yule aliyefaulu. Amwulize aliyeshindwa. Amwulize mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, ambaye jina lake halikusomwa siku ile: "Mwalimu alikutazamaje baada ya matokeo? Mlipokutana njiani, alikuita kwa jina lako? Aliuliza habari za shamba lako?" Kama mtu huyo, baada ya miaka arobaini, humtaja mwalimu wake kwa upendo, basi huyo alikuwa mwalimu kweli kweli. Maana aliyefaulu ana sababu ya kumpenda mwalimu. Aliyeshindwa hana sababu nyingine ila wema wenyewe.

Hapo twafika kwenye jambo lililo zito. Kumkumbuka mtu kwa upendo hakutupi ruhusa ya kusema uwongo juu yake. Wengi wetu tuliosoma zamani twasimulia habari za fimbo kwa kicheko, na kumalizia kwa kusema, "Alitupiga, lakini tumekuwa watu." Sisi twaona maneno hayo yatazamwe upya. Wapo waliopigwa na hawakuwa watu. Waliikimbia shule wasirudi, nao hawapo kwenye karamu zetu kusimulia. Mwezi wa Agosti 2018 mtoto wa darasa la tano huko Bukoba alifariki baada ya kupigwa na mwalimu, na mwaka uliofuata mahakama ilimtia mwalimu huyo hatiani kwa kosa la mauaji. Hatutaji jambo hilo ili kuwatia doa walimu wote, la hasha. Twalitaja kwa sababu mwalimu aliyependwa hakupendwa kwa ajili ya fimbo yake, bali pengine licha ya fimbo yake. Tukichanganya mambo haya mawili, tutawafundisha walimu vijana kwamba njia ya kukumbukwa ni ukali. Heshima ya kweli kwa marehemu ni kuchukua yaliyo mema kwake na kuyaacha yaliyokuwa makosa yake, au ya wakati wake, yazikwe pamoja naye.

Sasa tuitazame nchi ya Karatu na Ngorongoro yenyewe, kwa kuwa ualimu huko una ugumu wake wa pekee. Ni mahali pachache katika Afrika ambapo watu wa lugha zisizo na udugu kabisa huishi karibu hivi. Mwiraqw na Mmaasai hawasikilizani, wala Mdatoga na Mhadzabe. Nao waliokuja kutoka mikoa mingine wana lugha zao. Mtoto hufika shuleni siku ya kwanza na lugha ya mama yake peke yake, akakuta mwalimu asemaye Kiswahili. Yule aliyekuwa msemaji hodari nyumbani ghafula huwa bubu. Mwalimu mwenye haraka humwona mjinga. Mwalimu mwenye moyo hujifunza kwanza maneno machache ya mtoto: njoo, kaa, usiogope. Kwa maneno hayo machache hujenga daraja, na juu ya daraja hilo mtoto huvuka mwenyewe.

Vile vile huko, mzazi anapompeleka mtoto shule, hatoi sare tu. Mfugaji hutoa mchungaji wake. Ng'ombe hawangojei likizo, na katika bonde lenye fisi na chui, mtoto aliyeketi darasani ni pengo katika ulinzi wa mali ya nyumba. Tena njia ya kwenda shule hupita katika ukungu wa asubuhi, na pengine nyati au tembo wamesimama hapo. Mzazi hutoa yote haya kwa tumaini, naye huogopa kwamba mtoto akiisha kuelimika atawacheka wazee wake na harufu ya maziwa ya nyumbani. Hofu hii si ya ushamba. Mara nyingi imetimia. Mwalimu astahiliye kukumbukwa ni yule aliyemfundisha mtoto kusoma bila kumfundisha kudharau. Maana ni rahisi kumpa mtoto ulimwengu mpya kwa kumnyang'anya wa kwanza. Kumpa wa pili huku umemwachia wa kwanza, hiyo ndiyo kazi.

Mwaka 1959, ule ule aliokufa Michael Grzimek, Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa, na Wamaasai waliotolewa Serengeti waliambiwa wakae huko pamoja na wanyama. Tangu Juni 2022 familia nyingi zimehama tena, kwenda Msomera katika wilaya ya Handeni. Wako wanaosema walikwenda kwa hiari, wako wanaosema hiari haikuwapo. Shauri hilo ni kubwa, nasi hatulikati katika makala hii. Twataka kuonyesha jambo moja tu. Watu wakihama, mawe hubaki. Mnara uliopo ukingoni mwa kreta hauwezi kuwafuata. Lakini mtoto aliyejifunza kuhesabu chini ya mti huko Ngorongoro, leo ahesabu kule Tanga, wala hesabu yake haikupungua njiani. Hapo swali letu la kwanza lapata jibu lake. Tuliuliza kama tumemdhulumu mwalimu kwa kutomjengea mnara. Mnara wake si wa mawe. Hutembea kwa miguu, huhama pamoja na watu, na kila anapozaliwa mtoto wa mwanafunzi wake, huongezeka.

Hata hivyo neno hili lisiwe kichaka cha kujifichia. Ni rahisi sana kusema "mnara wake u mioyoni mwetu" na huku mwalimu mwenyewe, angali hai, amekaa kibarazani na kanzu iliyotoboka akingoja mtu wa kumjulia hali. Tukumbuke walimu wa namna moja hasa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba kila mtoto apate nafasi shuleni kabla ya mwisho wa mwaka 1977. Walimu wa kutosha hawakuwapo. Basi vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kwa maelfu, wakafunzwa karibu na kwao kwa muda wa miaka mitatu, huku wakifundisha, kwa masomo ya posta na ya redio. Hao ndio walioitwa walimu wa UPE. Kengele yao ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa mtini. Ukosefu wa madaftari uliwafanya waandike mchangani pamoja na watoto. Baadaye waliosoma kuliko wao waliwacheka, na jina UPE likawa tusi.

Sisi twauliza: ni nani aliyewafundisha kusoma hao wanaocheka? Mtu aliyepewa mzigo mkubwa kuliko nguvu zake, akaubeba hata mwisho, astahili kicheko au shukrani? Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kijana aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1976 alitimiza miaka 60 ya kustaafu mwaka 2018. Walio hai kati yao ni wazee leo, katika kila kata ya Karatu na ya nchi nzima. Hatuna haja ya kuwangojea wafe ndipo tuwakusanyie michango ya jeneza.

Basi deni lalipwaje? Twaona njia tatu, nazo hazihitaji mali. Ya kwanza ni kumwendea mwalimu angali hai. Mtu akienda kijijini kwao kwa sikukuu, afike kwake, apige hodi, ampe shikamoo, ajitaje jina lake na mwaka aliomaliza, na kumwambia kwa maneno yaliyo wazi kile alichopata kwake. Asiseme kwa jumla kwamba "ulitusaidia sana", aseme, "Siku ile uliponiambia neno fulani, sikuacha shule." Mwalimu hupanda mbegu asiione mavuno yake, ni wajibu wa mavuno kumrudia na kumwonyesha.

Ya pili ni kuwaangalia walio madarasani sasa. Hatuwezi kumlilia mwalimu aliyekufa na huku twamdharau aliye hai, tukimsema mbele ya watoto wetu, tukimwachia madarasa yenye watoto wengi kupita kiasi, tukikataa hata kuhudhuria mkutano wa wazazi. Marehemu hapokei kitu kutoka kwetu. Mrithi wake apokea. Debe la mahindi kwa chakula cha mchana cha wanafunzi ni ukumbusho ulio bora kuliko shada la maua. Tena walimu wawili waliofia Rhotia na watoto wao watuonye: barabara, gari na mwendo wa safari ya shule ni mambo ya kuangaliwa na kila mmoja aliye na madaraka juu yake, kila siku, si siku ya msiba peke yake.

Ya tatu ndiyo kubwa. Kila aliyefundishwa na afundishe. Si lazima ashike chaki. Mama aweza kumfundisha mtoto wa jirani. Fundi aweza kumwonyesha kijana kazi pasipo kumficha siri zake. Kijana wa chuo aweza kukaa likizoni na wale wa darasa la saba walio nyuma katika hesabu. Na amfundishe hasa yule asiyetazamiwa kufaulu, kwa kuwa huyo ndiye kipimo.

Tumeanza na mnara wa mawe, natumalize kwa mlango wa mwalimu. Msomaji, wewe uliyeyasoma maneno haya hata mwisho, kuna mtu aliyekufundisha herufi hizi. Unalijua jina lake. Kama yu hai, usiache mwaka huu upite kabla hujafika kwake. Kama amekwisha kutangulia, mtafute mtoto mmoja asiyejua kusoma, uketi naye, uanze pale mwalimu wako alipoanza: a, e, i, o, u.